Naomba ushauri: leseni ninayo, ujasiri sina

Wakuu, habari zenu. Nina leseni mwezi wa nne sasa, gari lenyewe ni la kubadilisha gia kwa mkono, na bado nikishika usukani viganja vinalowa jasho. Barabara ikiwa tupu naendesha vizuri tu. Shida ni foleni ya mlimani: gari la nyuma limenigandia, nikiachia breki langu linarudi nyuma, nikiwahi kuachia klachi linazima. Juzi lilizima mara tatu mfululizo, honi zikapigwa mpaka nikasahau niko gia gani. Nilifundishwa kuvuta hendibreki, kuachia klachi taratibu mpaka gari litetemeke kidogo, nikanyage mafuta ndipo niishushe hendibreki. Nikiwa peke yangu naweza. Nikipigiwa honi akili inahama.

Kingine ni kuhama njia. Vioo natazama, ila kuna sehemu havionyeshi, hivyo nageuza shingo, na usukani nao unafuata shingo!

Mliopitia haya, mlizoeaje? Niendelee kutoka alfajiri magari yakiwa machache, au nijitose kwenye foleni na mtu mzoefu pembeni? (Kaka yangu nimeshamkataa, kelele zake zinazidi honi.)