Tupeane uzoefu: umewahi kuona treni ya mvuke kwa macho? Makumbusho ya Reli Nairobi na kwingineko

Chome Juu

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kati nilikuwa Nairobi kwenye harusi ya upande wa mke. Asubuhi moja hatukuwa na la kufanya, shemeji akasema twende Makumbusho ya Reli, ni nyuma tu ya stesheni ya zamani ukitokea Haile Selassie Avenue. Nilikubali ili siku isogee. Nilijua tutakuta vyuma vimeota kutu, tupige picha mbili tatu, tukatafute nyama choma.

Sasa pale uani injini zimepangwa kwenye vipande vya reli, nyasi katikati. Tukafika kwenye jitu moja la rangi ya damu ya mzee, refu kupita mita 30, namba 5930. Natupa jicho kwenye bamba la jina: Mount Shengena. Nikarudia kusoma. Mimi ni mzaliwa wa Chome, Same. Shengena ndio mlima ninaouona kila nikifungua mlango nyumbani, na watu wengi wa Dar hata hawajawahi kuusikia. Nani aliupeleka Nairobi?

Jirani yake ni 5918, Mount Gelai. Gelai nayo ni yetu, ule mlima wa volkano kando ya Ziwa Natron. Muongoza wageni akatueleza kwamba injini za namna hiyo zilikuwa 34, zote zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na zilizobaki duniani ni hizo mbili. Ziliundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956. Kila moja ina tani zaidi ya 250, na hakuna injini ya mvuke ya reli yenye upana wa mita moja iliyowahi kuzishinda nguvu.

Kwa hiyo milima yote miwili iliyosalimika iko Tanzania, na injini zenyewe ziko Kenya. Nikaelewa baadaye. Makumbusho yalifunguliwa 1971, wakati reli ilikuwa moja, East African Railways, Kenya, Uganda na Tanzania pamoja. Jumuiya ikavunjika 1977, kila nchi ikabaki na kilichokuwa kwenye ardhi yake. Pale uani hakuna aliyezigawa. Kwa maoni yangu ile ndiyo Jumuiya ya zamani pekee ambayo bado unaweza kuipanda ngazi ukakaa ndani.

Haya, waliowahi kufika pale, au popote penye treni za mvuke, mtiririke. Waliosafiri nazo enzi hizo ndio hasa nawangoja.

Mnyaturu Halisi

Mkuu umenikumbusha mbali. Hukuzunguka vizuri, kuna namba 3020, iliundwa Glasgow 1955. Kasome bamba lake: Nyaturu. Sisi wa Singida tumo! Nilipiga picha nikamtumia baba, akanijibu kwa sauti ya WhatsApp dakika nzima anacheka tu.

Milima ilipewa yale majitu, makabila yakapewa injini za wastani. Kuna 2921 Masai of Kenya, kuna 3123 Bavuma, hao ni watu wa visiwa vya Buvuma kule Uganda. Na ile ya kikoloni zaidi, 6006, ina jina la Sir Harold MacMichael aliyekuwa gavana wa Tanganyika kuanzia 1934 hadi 1938. Ukihesabu vizuri, Watanzania pale tuna kikao.

Hiyo 3020 yetu na Gelai ziliwahi kufufuliwa, miaka ya 2000 mwanzoni zikavuta safari za wapenzi wa treni. Hazikufa siku nyingi kama watu wanavyodhani.

Mangi Mdogo

Yaani Shengena ipo, Kilimanjaro haipo? Haiwezekani.

Chome Juu

Mangi, Kilimanjaro ilikuwepo, ilikuwa mojawapo ya zile 34. Ikaenda chuma chakavu. Poleni sana. Huenda ndiyo sufuria unayopikia machalari.

Mjukuu wa Landhi

Chome Juu, karibu tena kwetu. Mimi nimelelewa Muthurwa, kwenye zile landhi, yaani kota za wafanyakazi wa reli. Babu alianza kama fayamani, yaani mtunza moto, wa Garratt, ndiyo aina ya yale majitu mawili, baadaye akawa dereva. Nilimpeleka pale akiwa tayari anatembelea bakora, na nawaambia, ukienda peke yako utaona chuma, ukienda na mzee aliyeifanyia kazi utaona kitu kingine kabisa.

Kwenye ngazi ya 5918 alikataa kushikwa mkono. Akanipa bakora, akakamata vyuma viwili vya pembeni, akapanda akiitazama injini, polepole, hatua kwa hatua, hadi akaingia kibandani. Nilidhani atakimbilia mkono wa kufungulia mvuke, maana ndio mgeni yeyote huvuta. Hapana. Alikwenda moja kwa moja kwenye vioo vya kupimia maji vilivyosimama mbele ya boila, akakifuta kimoja kwa kidole gumba. "Hiki ndicho kilitulisha, na hiki ndicho kingetuua."

Akanieleza hivi. Juu ya tanuri la moto kuna bati la chuma ambalo sharti lifunikwe na maji muda wote. Maji yakishuka chini yake, bati linaiva, linalegea, na boila lenye presha ile likiachia hakuna wa kusimulia. Sasa treni ikipanda mlima, maji yanaegemea nyuma, kioo kinakuonyesha yamejaa. Mkivuka kilele mkaanza kuteremka, maji yanakimbilia mbele, na kioo kilichokuwa kimejaa kinakuwa kitupu mbele ya macho yako. Fayamani mzuri alijua njia yote kwa kichwa. Alijaza maji kabla ya kilele, hata kama kioo kinamwambia yapo ya kutosha. Babu aliitaja milima ya kati ya Mombasa na Nairobi kama mtu anayetaja wajukuu, yupi mtundu, yupi mpole.

Watu pia hufikiri kazi ya fayamani ni koleo na makaa. Hizi za namba zinazoanza na 59 zilichoma mafuta mazito. Mkono mmoja uko kwenye valvu ya mafuta, jicho liko kwenye dohani. Moshi mweusi maana yake mafuta yanapotea bure, anga tupu bila moshi maana yake hewa baridi imezidi na presha itashuka. Walitaka ukungu mwepesi wa kijivu. Masizi yakizidi ndani ya mabomba ya boila, wanachota mchanga mkavu, wanautupia kwenye tundu la mlango wa tanuri, mvuto wa hewa unaupitisha kwenye mabomba na kuyakwangua. Yanatoka juu wingu jeusi tii. Babu alisema hilo ulilifanya porini, kamwe si karibu na stesheni ambako mke wa stesheni masta amefua.

Kwa nini Garratt na si injini ya kawaida? Reli ile ilijengwa nyepesi, kona zake kali, na kutoka baharini mpaka Nairobi unapanda zaidi ya mita 1,600. Injini nzito ingevunja reli, nyepesi isingevuta kitu. Basi wakachukua boila moja kubwa, wakalining'iniza kati ya injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kama mgonjwa kwenye machela. Kila upande unajikunja kivyake kwenye kona, na uzito unagawanyika kwenye magurudumu mengi. Moja ilivuta tani 1,200 kutoka Mombasa.

Alipoteremka aliniomba bakora yake, akauliza kama choo cha stesheni bado kiko palepale.

Tabora Kota

Mjukuu, huyo babu yako alikuwa muungwana, wa kwetu hawakujali! Nimekulia kota za reli Tabora miaka ya sabini. Mama akianika mashuka meupe na injini ya kupanga mabehewa ikapita na kujitapika masizi, tulisikia matusi ya Kinyamwezi ambayo sijayasikia tena. Sisi watoto tulizijua injini kwa king'ora bila kutazama. Kila dereva alikuwa na mkono wake, mwingine anapuliza kwa mkato, mwingine anavuta kamba mpaka sauti inalia kama inabembelezwa. Mke wa dereva akisikia mlio wa mumewe, anainjika ugali.

Sasa hivi nimepanda ya umeme Dar mpaka Dodoma. Safi, baridi, inawahi. Sina malalamiko nayo hata kidogo, treni ya mvuke siitaki irudi kunipeleka kazini. Ila Tabora, njia panda ya kwenda Kigoma na Mwanza, panastahili makumbusho yake.

Kilima Tinderet

Naomba niweke mchanga kwenye pilau. Mimi ni Mnandi. Nikiona watu wanafurahia hizi injini huwa nanyamaza, leo sinyamazi. Reli ile ilifika Kisumu Desemba 1901 ikipita kwenye ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa. Wazee wetu walipigana nayo miaka, waling'oa nyaya za simu na bolti za reli. Mwaka 1905 kiongozi wetu Koitalel arap Samoei akaitwa kwenye mazungumzo ya amani, akapigwa risasi na Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Waingereza. Kwetu reli inaanzia hapo, haianzii kwenye rangi ya damu ya mzee.

Tena si sisi peke yetu. Wahindi karibu 32,000 waliletwa kujenga, karibu 2,500 wakafa. Majina ya magavana yameandikwa kwenye shaba. Ya hao yameandikwa wapi?

Mjukuu wa Landhi

Kilima Tinderet, sikupingi hata neno moja. Babu mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba alipoanza kazi, Mwafrika hakuruhusiwa kuota udereva wa treni kubwa. Alifurahia injini na akawachukia mabwana zake, vyote siku moja. Mimi naona ndio sababu ya kwenda na kupeleka watoto, ili wasikie habari za Koitalel wakiwa wamesimama mbele ya chuma chenyewe.

Kilima Tinderet

Hapo tunaelewana. Nitampeleka kijana wangu, lakini msimuliaji nitakuwa mimi.

Mkaa wa Manchester

Salamu kutoka kwenye mvua. Kiwanda cha Beyer, Peacock kilikuwa Gorton, basi la mjini tu kutoka ninapokaa. Kilifungwa 1966, lakini kwenye makumbusho ya sayansi na viwanda hapa Manchester kuna Garratt iliyofanya kazi Afrika Kusini kisha ikarudishwa kwao. Siku ya kwanza kuiona nilimwambia mlinzi kwamba nyumbani tuna dada zake wawili. Akaniita mwenzake aje asikie.

Kwa walioko Uingereza, York msipakose. Makumbusho ya taifa ya reli hamna kiingilio, na mtaiona Mallard, iliyoweka rekodi ya dunia ya treni za mvuke mwaka 1938, kilomita 203 kwa saa. Nzuri, ya bluu, imepakwa wanja. Lakini imelala.

Mimi nawashauri mtoke York mwende Pickering, mpande treni ya mvuke inayotembea kweli, njia iliyorudishwa na watu wa kujitolea mwaka 1973. Pale ndipo nilipoelewa tofauti ya makumbusho na treni hai. Kabla haijaondoka, dereva anafungua vikoki vya silinda, mvuke unapiga chini pande zote mbili mpaka watu wa jukwaani wanapotea magoti. Maji ya mvuke uliopoa ndani lazima yatolewe kwanza, la sivyo pistoni itayabamiza. Halafu pumzi ya kwanza, nzito, moja. Kimya. Ya pili. Binti yangu wa miaka sita alinishika suruali akaniuliza kama inaumwa.

Angalizo: usitoe kichwa dirishani ukitazama mbele. Punje ya makaa jichoni si mchezo, na wenyeji watakucheka.

Mama Wawili

Nimesoma uzi wote na chai imepoa. Nina wavulana wawili, tutakuwa Nairobi likizo ya Desemba. Je, watoto wanaruhusiwa kupanda juu ya injini? Na kile kisa cha simba kuingia kwenye behewa ni kweli au ni porojo za waongoza wageni?

Mjukuu wa Landhi

Dada, kisa ni cha kweli na behewa lenyewe liko pale, namba 12. Wengi wanakichanganya na wale simba wa Tsavo wa 1898. Wale wako Chicago, wamekaushwa. Hiki ni cha stesheni ya Kima, mwaka 1900. Ofisa wa polisi aliyeitwa Ryall alilala ndani ya behewa na wenzake wawili, Huebner na Parenti, wakimvizia simba aliyekuwa akila watu wa stesheni. Zamu ilikuwa ya Ryall, usingizi ukamchukua. Simba akaingia kwa mlango wa kuteleza, behewa likaegemea kwa uzito wake na mlango ukajifunga. Akamkanyaga aliyelala sakafuni ili amfikie Ryall, kisha akatoka naye dirishani. Ukilitazama lile dirisha utabaki unapima kwa mikono.

Injini za nje watoto hupanda, lakini vaeni viatu vya kufunika, ngazi ziko wima na nafasi kati ya vidaraja ni ya mtu mzima. Nendeni asubuhi, saa saba mchana chuma kinaunguza viganja. Anzeni ndani ukumbini penye picha na vyombo, maana wakishaonja vibanda vya madereva hamtawatoa nje. Na hadithi ya Ryall wasimulie mapema mchana. Mimi wangu nilimsimulia jioni, akalala chumbani kwetu hadi shule ikafunguliwa.