Testi ya bure ukiomba kontrakti: hiyo ni interviu ama ni kazi?

Wadau, hii maneno imenikaa kwa roho tangu mwaka jana na naona sai imezidi, kwa hivyo naiweka hapa tuijadili kama watu wazima. Unaomba kontrakti ya miezi mitatu, CV wanasema iko sawa, alafu kabla hata ya kuongea na wewe kwa simu unatumiwa "testi ndogo" ya kufanya nyumbani, ukiifungua unapata ni kazi ya siku nne. Bila malipo. Msimamo wangu nausema mapema: kitu chochote chenye kampuni inaweza kuchukua na kutumia ni kazi, na kazi inalipwa, ata kama wameipa jina la testi.

Yangu ilikuwa hivi. Mimi natengeneza mifumo, nafanyia watu kwa mkataba, nko Roysambu, Nairobi. Kampuni moja ya Kilimani (sitaitaja) iliniambia niunganishe malipo ya M-Pesa kwa apu ya kuuza tiketi, yaani mteja abonyeze, STK push (ule ujumbe wa kuitisha PIN) itokee kwa simu yake, aweke PIN, jibu lirudi kwa mfumo na tiketi ijitume. Alafu nishughulikie pia mteja akikataa, akichelewa, ama akilipa mara mbili. Wenye mmefanya na Daraja, ule mfumo wa Safaricom wa kuunganisha M-Pesa na apu, mnajua hapo kwa jibu kurudi ndio kuna jasho, juu kuna wakati halirudi na inabidi mfumo wako wenyewe uulize pesa iliishia wapi. Nilikesha usiku nne, token za stima zikaisha mara mbili, bundles nikanunua na mkopo wa simu. Nikatuma Jumatatu asubuhi. Kimya. Nikauliza baada ya wiki, kimya. Kama miezi miwili hivi binamu yangu akanunua tiketi kwa hiyo apu akanionyesha ujumbe aliopata baada ya kulipa, na yalikuwa maneno yangu, "Pesa yako imetufikia salama, shukrani", vile niliyaandika saa nane usiku macho yakiuma. Najua siwezi kusimama kortini niseme sentensi moja ni ushahidi. Lakini mtu hujua mwandiko wake.

Kwa nini sai ndio imekuwa mbaya? Kazi zikiwa nyingi, ukipewa kitu cha siku nne unasema asante unaenda kwingine. Lakini Machi 2024 Remotasks, ile tovuti ya vibarua vya mtandaoni, ikafungia Wakenya, watu wakaamka wakapata akaunti haziingii, alafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha pesa ya misaada na ikifika Julai USAID yenyewe, shirika lao la misaada, ikawa haipo. Wale wa NGO za Westlands na Lavington, wa kuandika ripoti, wa data, wa kutafsiri, wa dizaini, wote wameshuka soko moja na sisi wenye tulikuwa tunalala njaa kitambo. Mwenye kuajiri anaona hiyo foleni na anajua hakuna atakayekataa. Hapo ndio panaponichoma. Testi inazidi kuwa ndefu kadri watu wanavyozidi kukosa.

Nimesoma majibu yenu ya kwanza, wacha nijibu.

Dada mmoja wa HR anasema CV zimejaa uongo, na siku hizi mtu anaweza kufanyiwa kila kitu na ChatGPT, sasa bila testi wataajiri vipi. Dada yangu, hapo kwa uongo nakubali kabisa, nimefanya kazi na watu wenye walijiita mabingwa na hawakuwa wanajua kitu. Lakini hiyo ya ChatGPT si ndio inaua testi ya nyumbani kabisa? Ukinitumia kazi niende nayo siku nne huwezi kujua nani aliifanya. Niite kwa simu, unipe tatizo la kubuni, dakika arobaini na tano unaniangalia nikilitatua na unaniuliza kwa nini nimefanya hivi na si vile. Utajua mengi kuliko hiyo faili nitakayotuma. Na kama ni lazima muone kazi ndefu, chagueni watu watatu wa mwisho muwalipe 5,000 kila mmoja. Ni 15,000 jumla, na ukipata mtu mbaya kwa kontrakti utapoteza zaidi ya hiyo wiki ya kwanza tu.

Mwingine anasema ata tenda mtu huandika pendekezo bure, mbona hatulii. Pendekezo linasema nitafanya nini na kwa bei gani, halikupi kitu kikiwa tayari. Na ata huko kuna maumivu, waulizeni hawa washauri wa NGO mara ngapi wameandika mbinu yote kurasa ishirini alafu akaitwa mtu wa bei rahisi akapewa hizo kurasa atekeleze.

"Ukikataa mwingine atafanya." Ndio, najua. Hiyo inaeleza vile wanatuweza, haisemi kama ni haki. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Lakini kuna kijana hapa amenisimamisha. Anasema yeye hakusoma chuo kikubwa, hana mtu wa kumshika mkono, na testi ya bure ndio mlango pekee uliomfungukia, bila hiyo CV yake ingetupwa ukurasa wa kwanza. Mdogo wangu, nimelifikiria jibu lako usiku mzima na sitaki kufunga huo mlango. Testi ibaki. Nachopinga ni urefu na matumizi: ikuwe ya saa moja, ikuwe ya tatizo la uongo lisiloingia kwa biashara yao, na mpewe jibu ata kama ni hapana. Juu wewe mwenye huna kitu ndio siku nne zinakuumiza zaidi, mwenye ana akiba atazimaliza na atalala shibe.

Kisheria tuko pabaya kuliko watu wanavyofikiri. Katiba, Kifungu cha 41, inasema kila mfanyakazi ana haki ya malipo ya haki, sawa. Sheria ya Ajira ya 2007 imeandikwa kwa mtu aliyeajiriwa kwa mshahara, ata akiwa kwa majaribio ya miezi sita analipwa, lakini sisi wa kontrakti tunaambiwa si waajiriwa, na mwombaji ndio kabisa. Kitu kilichonishtua ni Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31. Kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwake yeye aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Someni hiyo tena polepole. Kampuni yenye wakili mzuri inaweza kusema ile testi waliiagiza.

Fundi wa viti pale kando ya Ngong Road haitishwi kiti cha bure ukakikalie mwezi mzima ndio uamue. Unaangalia alivyotengeneza, unabonyeza mto, unatingisha miguu ya kiti, mkielewana unaacha dipoziti kabla mbao hazijanunuliwa. Kazi zangu za nyuma nimeziweka wazi hivyo hivyo, angalia, tingisha.

Siku hizi nikitumiwa testi najibu mistari mitatu tu: saa moja nitafanya bure mkiwa mnaniangalia, ikizidi hapo ni 1,500 kwa saa, na haki zote za nitakachotuma zinabaki zangu mpaka nilipwe. Mpaka sasa nimejibu hivyo mara tano. Watatu walinyamaza, mmoja akaniambia nina kiburi, mmoja akalipa 6,000 kwa M-Pesa siku hiyo hiyo nilipotuma. Huyo aliyelipa hakunipa kontrakti, alichukua mtu mwingine, akanipigia mwenyewe kuniambia na kunieleza kwa nini. Sina kinyongo naye ata kidogo.