Sarafu yenye jina la Nero: nitajuaje kama ni dhahabu ya Warumi?

Mkaazi wa Kisumu:
Wanajukwaa, hamjambo? Marehemu babu, aliyekuwa askari Afrika Kaskazini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alituachia sarafu ya rangi ya dhahabu ambayo upana wake haufiki sentimita mbili. Upande mmoja una kichwa cha mwanamume mwenye shingo nene, aliyevikwa shada la majani, na maandishi NERO CAESAR AVGVSTVS. Upande wa pili mtu ameketi, na pameandikwa IVPPITER CVSTOS. Sonara mmoja anataka kuikwangua aipime kwa asidi, nami nimesita. Je, iko njia isiyoiharibu?

Mwalimu wa Historia, Nakuru:
Usikubali ikwanguliwe, ndugu yangu, wala usiisugue, kwa maana alama ya msasa haifutiki. Maelezo yako yanalingana na aina inayojulikana ya aureusi, sarafu ya dhahabu ya Warumi, na hiyo herufi V mahali pa U ni ya kawaida. Ushahidi mzito uko kwenye mizani. Mnamo mwaka 64 BK Nero, mfalme wa Roma, alipunguza uzito wa aureusi, zikawa zinatolewa 45 kwa kila ratili ya Kirumi, yaani takriban gramu 7.3 kila moja. Na kwa kuwa sarafu za Jupiter (IVPPITER), mungu mkuu wa Warumi, aliyeketi zilitolewa baada ya badiliko hilo, yako ikifika gramu 8 nitaitilia shaka. Kisha itazame ukingoni kwa kioo cha kukuzia. Warumi waligonga sarafu kwa nyundo kati ya mihuri miwili, ndiyo maana duara huwa halijakamilika na herufi husimama wima, zenye kingo kali. Vitundu vidogo vya hewa, au mstari unaouzunguka ukingo wote, ni dalili kwamba imemiminwa kwenye kalibu.

Mnunuzi wa dhahabu, Kakamega:
Mwalimu amesema kweli, nami naongeza kipimo cha maji. Weka kikombe cha maji kwenye mizani inayosoma sehemu za mia za gramu, uirudishe kwenye sifuri, kisha uning'inize sarafu kwa uzi mwembamba hadi izame bila kugusa kikombe. Ikiwa ina gramu 7.3 na ni dhahabu safi, mizani itasoma karibu 0.38, shaba nyeupe au ya njano ya uzito huo itasoma zaidi ya 0.8.

Mwalimu wa Historia, Nakuru:
Ahsante sana. Hata hivyo wapo waghushi wanaotumia dhahabu halisi, kwa hiyo kipimo hicho kinathibitisha madini tu, si umri. Linganisha chapa za sarafu yako na picha za sarafu za Nero katika hifadhi ya mtandaoni ya British Museum, herufi kwa herufi, kisha utuwekee hapa uzito pamoja na picha za pande zote mbili na za ukingo.