Mchwa wamepanda hadi darini: nianzie wapi kabla ya kununua dawa?

Mwalimu wa Masindi

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za jioni. Ninaishi Masindi, Uganda, katika nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo tuliihamia mwaka 2016. Wiki iliyopita mke wangu alikuwa akipangusa vumbi stoo, kidole chake kikatumbukia ndani ya mwimo wa mlango, kwani rangi ya nje ilikuwa imebaki nzima ilhali mbao ya ndani ilikuwa imekwisha kabisa. Tulipochunguza tuliona njia ya udongo yenye unene wa kalamu, ambayo ilitokea kwenye ufa wa sakafu, ikapanda ukutani nyuma ya kabati na kupotelea darini. Nina hofu kwamba kenchi zimefikiwa.

Nimekwisha kupuliza dawa ya mende mara mbili. Mchwa waliokuwamo njiani walikufa, lakini baada ya siku nne ilitokea njia nyingine upande wa pili wa mlango. Mtu mmoja anayefanya kazi ya kupiga dawa alinitajia bei kwa simu bila hata kuuliza nyumba ina vyumba vingapi. Naomba ushauri wenu: nitajuaje ukubwa wa tatizo hili, na nianzie wapi?

Fundi Mstaafu, Jinja

Pole sana, mwalimu. Hao uliowaua ni vibarua tu. Kiota kiko ardhini, ambako dawa ya mende haifiki. Tena dawa nyingi za mende huwafukuza mchwa kabla ya kuwaua, na ndiyo maana walihamia upande wa pili.

Usinunue chochote kwa sasa. Chukua tochi na bisibisi, panda darini mchana, ukazigonge kenchi moja baada ya nyingine kwa mpini wa bisibisi, hasa pale zinapokalia ukuta, kwa sababu mchwa wa ardhini hupanda kupitia ukutani na mbao ya kwanza wanayoikuta ndiyo wanayoanza kuila. Mbao nzima hulia kwa sauti kavu, na iliyoliwa hulia kama debe tupu. Ukiona matundu madogo ya mviringo yanayomwaga unga laini kama wa muhogo, huyo ni bungua, si mchwa, na tiba yake ni nyingine. Kisha bomoa kipande cha njia ya udongo chenye urefu wa kidole, uache sehemu iliyobaki kama ilivyo. Ukikuta kimezibwa baada ya siku mbili au tatu, ujue njia hiyo inatumika.

Baadaye zunguka nje. Tazama kama kuna kuni zilizoegemezwa ukutani, bomba linalovuja, au udongo wa bustani uliopanda juu ya msingi. Mchwa hawa hukauka na kufa upesi wakikosa unyevu, kwa hiyo mahali penye maji ndipo utakapowakuta wengi.

Nina swali moja: kabla hamjajenga, kiwanja hicho kilikuwa na kichuguu?

Binti Bombo

Kwetu wazee walimwaga majivu na oili chafu kuzunguka msingi, na nyumba zao bado zimesimama. Kichuguu kikiwapo, chimbeni mumtoe malkia, yatakwisha.

Bwana Shamba, Mbale

Dada yangu, majivu huwazuia mchwa hadi mvua ya kwanza. Oili chafu huharibu udongo na maji, na mchwa hutafuta tu pengo ambalo haikufika. Kumtoa malkia kunaweza kufaulu, kwa kuwa ndiye anayetaga maelfu ya mayai kila siku, lakini chumba chake huwa kimezama ndani ya udongo mgumu, na kiota kilicho chini ya sakafu huwezi kukichimba bila kubomoa nyumba.

Mwalimu, kinachotibiwa hapa ni udongo unaogusa msingi. Uliza dawa yenye fipronil au imidacloprid iliyosajiliwa na Wizara ya Kilimo kwa ajili ya mchwa, na usome kibandiko chake kabla ya kulipa. Mchwa hawazihisi dawa hizi, hivyo hupita ndani yake na kuwaambukiza wenzao kiotani, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Usikate tamaa ukiona bado wanatembea siku ya tatu. Wazee wengi bado wanaisifu dawa ya zamani iitwayo dieldrin, ambayo ilidumu ardhini miaka mingi, na kudumu huko ni miongoni mwa sababu zilizofanya iingizwe katika orodha ya sumu za kukomeshwa ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001.

Chimbeni mtaro mwembamba unaogusa msingi, wenye kina cha sentimita 15 hivi, mmwage dawa iliyochanganywa, kisha mrudishe udongo huku nao mkiumwagia dawa. Kipimo cha kawaida ni lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita moja ya ukuta, kwa kila sentimita 30 za kina. Nyumba yenye mzunguko wa mita 40, dawa ikilowesha udongo hadi sentimita 30 kwenda chini, itahitaji lita 200, yaani zaidi ya mabomba 12 ya mgongoni ya lita 16. Ndiyo sababu mtu anayekuja na bomba moja, akanyunyiza kuta kwa dakika ishirini na kuondoka na fedha zako, hajatibu kitu. Pale stoo, sakafu itobolewe kando ya ukuta, tundu hadi tundu sentimita 30 hivi, dawa iingizwe chini, kisha matundu yazibwe kwa saruji. Msifanye kazi hii udongo ukiwa umelowa mvua.

Mwalimu wa Masindi

Ahsanteni sana. Kenchi mbili zilizo juu ya stoo zinalia kama debe, nyingine ni nzima. Kipande nilichobomoa kilizibwa usiku uleule.

Kuhusu kichuguu, fundi ameniumbua. Kilikuwapo, kikubwa kunipita kimo. Tulikisawazisha, udongo wake tukafyatulia matofali, na stoo ikakaa juu yake. Kila msimu wa mvua uyoga huchipuka nyuma ya ukuta huohuo, na watoto hufurahi sana kuuchuma. Kuni zetu ziko hapohapo. Je, nibadilishe zile kenchi kwanza, au nitibu udongo kwanza?

Fundi Mstaafu, Jinja

Weka nguzo za muda chini ya kenchi hizo mbili leo, maana mabati hayasubiri, lakini usipeleke mbao mpya kabla ya udongo kutibiwa, la sivyo utakuwa unawaandalia chakula. Utakapobadilisha, nunua mbao zilizokwisha kutiwa dawa. Kwa mwimo ukipata mvule ni vizuri, ila uwe wa kiini cheusi, kwa kuwa ile sehemu nyeupe ya nje huliwa kama mti mwingine wowote. Mbao za musizi, ambazo ni laini, usizilete karibu na sakafu.

Bwana Shamba, Mbale

Uyoga huo umekujibu, mwalimu. Mchwa wakubwa wa vichuguu hulima ukungu ndani ya kiota, na uyoga huo ndio unaotokana na shamba lao, kwa hiyo kiota chini ya stoo kiko hai. Anzeni kutoboa hapo. Baada ya dawa kuingia, watoto wasichume tena uyoga wa mahali pale, wala wasile kumbikumbi watakaotoka hapo, hata kama majirani watakuja na mabeseni.

Kuni zihamishiwe kwenye kichanja mbali na ukuta. Je, kuna kisima karibu? Kama kipo, nitajie umbali wake kabla hamjachimba. Vaeni glavu, mabuti na barakoa, kuku wafungiwe siku hiyo, na maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe kwenye mfereji, kwa sababu fipronil huua samaki na nyuki kwa kiasi kidogo sana.

Mwalimu wa Masindi

Kisima ni cha jirani, mita 60 kutoka stoo, upande wa mlimani. Kuni nimeanza kuzihamisha leo. Chini ya rundo nimekuta njia tatu zaidi.