Mwenzangu ameacha vidonge, nami nimfuate?

Muulizaji:
Ndugu zangu, nina lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, kwa mwaka wa tatu sasa, na katika kundi letu la wagonjwa kwenye simu nimepata faraja ambayo nyumbani siipati, ingawa wananipenda. Vidole vinapokakamaa asubuhi nikashindwa hata kufungua chupa ya dawa, huko sihitaji kujieleza. Mwenzangu mmoja aliniambia tu nivae glavu ya mpira, na kifuniko kikazunguka. Sasa wiki iliyopita mwingine ametangaza kwamba ameacha prednisoloni, vidonge vya kutuliza ugonjwa wetu, kwa mkupuo mmoja, na anatuhimiza tumfuate. Nami nimeuchoka uso huu uliovimba kwa sababu ya vidonge hivyo. Nimsikilize?

Jibu la kwanza:
Dada, usithubutu. Prednisoloni hufanya kazi ya kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo. Ukiitumia kwa wiki nyingi tezi hizo huzembea, na dawa ikikatwa ghafla mwili hubaki bila homoni hiyo: mtu hulegea, hutapika, shinikizo la damu hushuka, na anaweza kupoteza maisha. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa ratiba ya daktari. Mweleze waziwazi kwamba uso unakukera. Mimi nilinyamaza mwaka mzima nikidhani ni mambo ya urembo tu, kumbe kipimo changu cha dawa kingeweza kujadiliwa.

Jibu la pili:
Mimi ninaishi na kisukari cha aina ya kwanza. Wagonjwa wenzangu ndio walionifundisha kuweka sukari ya kula kando ya kitanda, kwa usiku ambao sukari mwilini inashuka mno, pale ambapo mkono unaotetemeka utaifikia gizani, jambo ambalo kliniki hawakuwahi kunitajia. Lakini kipimo cha insulini hatuazimani, kwa kuwa uniti 10 zinazomtosha mwenzangu zinaweza kunizimisha mimi. Huyo aliyeacha dawa, tafadhali msimshambulie, kwani akijitenga kwa aibu atazidiwa akiwa peke yake. Mwulizeni leo anajisikiaje.

Muulizaji:
Nimemwuliza faraghani. Amekiri kwamba tangu juzi anatapika na hawezi kusimama muda mrefu, ila aliona haya kutuambia baada ya kujisifu vile.

Jibu la kwanza:
Aende hospitali sasa hivi, asingoje kesho, na neno la kwanza atakalosema mapokezi liwe kwamba ameacha prednisoloni ghafla.

Muulizaji:
Nimempigia, dada yake anampeleka. Vidonge vyangu nimevimeza.