Tupeane uzoefu: siku yako moja ya baiskeli mji kwa mji huku kaskazini mwa Ulaya

Wakuu salaam. Sisi tuliopo huku Ujerumani, Uholanzi, Denmark na kuendelea, kila siku stori zetu ni treni na ndege za bei chee, ila kati ya mji na mji kuna vitu vingi sana ambavyo treni inavipita tu huvioni. Siongelei baiskeli ya kwenda kazini, naongelea unatoka asubuhi mji huu na mabegi kwenye keria, jioni unalala mji mwingine. Kila mtu atupe siku moja tu, ile iliyomkaa. Naanza mimi.

Yangu ni Lübeck mpaka Wismar, mwezi wa tano. Unaufuata mto Trave kuelekea baharini, ukifika kwenye handaki la chini ya mto huruhusiwi kuingia na baiskeli, kuna basi linavusha watu na baiskeli zao bure. Travemünde unapanda kivuko, dakika chache tu uko Priwall, huku pembeni zinapita meli za kwenda Skandinavia ndefu kama mtaa mzima. Ukishashuka unaendesha kidogo tu ushafika ulipokuwa mpaka wa Ujerumani mbili hadi 1989. Sasa hivi hakuna geti wala askari, ni njia na msitu basi, ila ukanda ule bado unakutana na vile vipande vya zege vyenye matundu walivyolaza kwa ajili ya magari ya doria ya Mashariki. Pale baiskeli inatetema mpaka meno yanagongana, skrubu ya keria ikaanza kulegea nikashuka nikaikaza, mbele yangu shamba la rapsi (mmea wa mbegu za mafuta) njano tupu hadi kwenye ukingo wa bahari. Nilisimama pale muda mrefu kuliko skrubu ilivyohitaji kwa kweli, nikiwaza watu waliokatazwa hata kusogea ufukwe huu na mimi napita tu na chupa yangu ya maji.

Wismar unaingia na mawe, mji wa kale wote umetandikwa mawe, teremka ukokote. Uwanja wa soko ni kama mita 100 kwa 100, na kuna mnara wa St. Marien umebaki peke yake, mita 80 hivi, kanisa lenyewe lilipigwa mabomu kwenye vita halafu 1960 serikali ya Mashariki ikalilipua kabisa. Kuanzia 1648 mji huu ulikuwa chini ya Wasweden na bado unaona alama zao. Bandarini wanauza mkate wa samaki kwenye boti, samaki wa siki na vitunguu, baada ya kutwa nzima kwenye tandiko hakuna chakula kitamu kama kile.

*Dada wa Friesland:*
Mkuu asante kwa uzi. Yangu ni Afsluitdijk, lile tuta la kilomita 32 walilomaliza 1932, upande mmoja Waddenzee maji ya chumvi, mwingine IJsselmeer maji baridi. Nilipita kabla hawajaanza ule ukarabati mkubwa. Watu wanasema Uholanzi ni tambarare kwa hiyo ni rahisi, jamani, upepo ndio mlima wa huku! Mara nyingi unatoka kusini magharibi, kwa hiyo anayetokea Den Oever kuja Friesland anasukumwa, sisi tulikuwa tunaenda Hoorn tukaupokea usoni njia nzima. Hakuna mti, hakuna nyumba ya kujificha. Tulikuwa wawili, tukawa tunapokezana, mmoja anakaa mbele anakata upepo mwenzake anajibana nyuma ya tairi lake, kisha tunabadilishana, bila hivyo tusingefika na mwanga. Njiani kuna mnara pale walipofunga pengo la mwisho, tukapumzika.

Kingine nachowapendea Waholanzi ni zile namba za njia panda. Huhitaji ramani, unaandika namba zako kwenye karatasi unabandika kwenye usukani, 23, 47, 51, unafuata vibao tu.

*Mdau wa Copenhagen:*
Heshima kwenu. Mimi nilitoka Nykøbing kule Falster, nikavuka Stubbekøbing kwenda Bogø na kile kivuko cha zamani, halafu Stege kisiwani Møn. Kilichonigusa ni meza za pembeni ya barabara, viazi, stroberi, jemu, hakuna muuzaji, unachukua unalipa kwa simu au unatumbukiza sarafu kwenye kopo. Mimi nilikula stroberi hadi vidole vikawa vyekundu. Usiku nikalala kwenye vibanda vya mbao, kuta tatu, mbele wazi, vimewekwa kwa ajili ya wasafiri, vingine bure vingine hela kidogo, na mwezi wa sita hata saa nne usiku bado unaona kusoma. Wageni mjue tu, ukitaka kusimama nyoosha mkono juu, na kukata kushoto huchomoki katikati ya magari, unavuka moja kwa moja kwanza, unasubiri kona ya pili ndo unageuka.

*Mgeni:*
Mimi natamani ila naogopa pancha na kukosa maji, na Jumapili je?

*Dada wa Friesland:*
Mdogo wangu, beba tyubu mbili na uangalie valvu kabla hujatoka, ya Kifaransa ni nyembamba, pampu ya valvu ya gari haiishiki bila kile kipande cha kuunganisha. Maji omba popote, hawakatai.

*Mwanzisha uzi:*
Jumapili Ujerumani maduka yamefungwa, nunua Jumamosi jioni, ila mikate asubuhi inapatikana na vituo vya mafuta viko wazi. Ukichoka kabisa panda treni ya mkoa, baiskeli ina tiketi yake, ikate kabla hujapanda. Aliyepita Sweden au kisiwa cha Bornholm aje, hiyo sehemu ndo nataka mwaka huu.