Vitanda vya gesti: nimpe fundi wa mtaani au nichukue vya kampuni kubwa ya nje?

Mpangaji_Kihonda:
Wakuu habari za jioni. Namalizia gesti ya vyumba 8 hapa Morogoro, bado vitanda. Kuna duka Dar linauza vya kampuni kubwa ya nje, vinakuja kwenye boksi unafunga mwenyewe, laki 4 na 80 kimoja. Fundi wa jirani anataka laki 5 na nusu, mbao za msaji. Moyo unaniambia nimpe fundi, hela izunguke hapa hapa. Ila mwaka juzi fundi mwingine nilimpa advansi yote ya kabati, nikaimbiwa "njoo kesho" miezi mitatu. Lilipokuja, halikumaliza kiangazi milango ikapinda. Mke wangu kila akilipita anacheka. Nishaurini.

Mama_Wawili:
Kaka, nina gesti Dodoma mwaka wa sita sasa, na nilianza na hivyo vya boksi. Siku ya kwanza vinapendeza mno. Lakini gesti inapigwa deki kila siku, na ile si mbao, ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Ukinywa maji unavimba kama andazi kwenye chai. Skurubu ikishalegea haishiki tena. Nilipofuata ubao mmoja wa pembeni, dukani wakasema toleo hilo halitengenezwi tena. Vya fundi vikilegea namwita asubuhi, mchana mgeni analala.

Randa_Keko:
Mimi seremala, Keko. Kabati lako lilipinda kwa sababu mbao ilikuwa mbichi. Ubao wa inchi 1 ukipangwa kivulini kwa vijiti unataka karibu mwaka kukauka, na wengi wetu hatuna mtaji wa kuuacha ulale. Tunanunua kwa advansi ya mteja, kesho yake tunaranda. Kwa hiyo usimuulize bei kwanza, mwambie akuonyeshe mbao zake. Msaji hauko mbali na wewe, shamba la TFS, wakala wa misitu wa serikali, liko Mtibwa, Mvomero. Dai risiti ya mbao na kibali cha kusafirishia, usije ukalalia mali ya magendo.

Hesabu_Kali:
Uzalendo haulipi mkopo wa benki. Cha boksi unajua bei na siku ya kufika. Fundi akifiwa au akipata tenda ya viti vya kanisa, wewe unakaa na vyumba vitupu. Halafu hiyo hela "inazunguka hapa" ni nusu tu: bawaba, msasa na vanishi vyote vya nje.

Randa_Keko:
Bawaba ni za China, sikatai mkuu. Lakini vijana wangu watatu wanakula kwa mama ntilie wa hapo hapo, na nauli zao ni za daladala za hapa. Hilo la tenda ya kanisa umenipata, nimeshawahi kulifanya.

Daftari:
Bei ya dukani imeshabeba VAT ya 18%. Muulize fundi kama anatoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, la sivyo utahangaika na watu wa kodi, TRA, wakati wa hesabu. Na usirudie kulipa yote mkononi. Mwandikishiane: sehemu ya mbao, sehemu ukiona fremu, zilizobaki kitanda kikiwa chumbani.

Mpangaji_Kihonda:
Asanteni. Leo nimeenda na mke wangu. Fundi ametupandisha kwenye dari la banda, mbao zimepangwa na vijiti katikati. Mke wangu akaona utando wa buibui juu yake, akaninong'oneza, "Hizi zimelala kweli." Tumeagiza vitanda 2 kwanza, kwa mafungu. Risiti ya EFD hana, anasema atapitishia kwa mwenye duka la mbao, hilo sijalikubali bado. Rafu za kioo tutachukua za boksi, zinaning'inia ukutani, deki haizifikii.